Soma Karatasi, Mama Ubaid

Majengo, Pumwani
14 Oktoba 2025

Mama Laban mpenzi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? NAENDA MAKKA!

Ubaid amenipigia jana kutoka Doha, nikiwa kibandani kwangu Gikomba natundika mapazia ya mzigo mpya. Akasema, "Mama, safari ya Umra tayari, mnaondoka tarehe ishirini Novemba." Nilipiga vigelegele mpaka seremala wa upande wa pili akaacha kupiga randa. Mteja mmoja alikuwa ameshika pazia la maua, akaniuliza kama binti yangu amejifungua. Nikamwambia Aqsa hajaolewa hata, mimi ndiye niliyezaliwa upya, na nikampa lile pazia kwa bei ya kuona haya.

Ningekupigia simu papo hapo, lakini tunayajua masikio yako. Mara ya mwisho nilikwambia nimeng'olewa jino, ukasikia nimeolewa, ukanipa pongezi na kuuliza bwana ni wa wapi. Kwa hiyo ni barua, kama tulivyoahidiana siku ulipofunga nyumba yako Ziwani ukarudi kwenu Kimilili. Hii Aqsa anaipeleka ofisi ya mizigo ya basi sasa hivi, wino haujakauka.

Sasa nisikilize, maana furaha yangu ina tatizo. Hilo jino lililong'olewa nilipewa dawa za antibiotiki, na tangu nianze kuzimeza tumbo linaniendesha. Mara nne, mara tano kwa siku. Leo ni siku ya nne. Nimebakisha dawa za siku sita.

Wewe unajua udhu, umenisubiri mara ngapi nikitawadha huku chai yako inapoa. Basi kule Makka kuna tawafu, kuizunguka Alkaaba mara saba, na inatakiwa uwe na udhu mwanzo hadi mwisho. Ukivunjika unatoka, unatafuta maji, unatawadha, unarudi. Ustadhi Idarusi anayetufundisha darasa la safari anasema hilo ni jambo dogo. Ni dogo kwake, ana magoti ya kijana! Mimi nikitoka katika umati ule na magoti haya ya miaka sitini na moja, kundi litaniacha, na sitawaona tena mpaka uwanja wa ndege. Ninataka raundi zangu saba, Mama Laban. Saba kamili, bila kukatika. Nimezingoja tangu nikiwa msichana.

Umesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka ishirini na miwili. Niambie nifanye nini.

Wako anayerukaruka,
Lela binti Aqil


Kimilili
18 Oktoba 2025

Mama Ubaid,

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimepiga makofi peke yangu. Kuku wamekimbia. Nimefurahi, nimefurahi sana, na wewe unastahili.

Sasa tuongee mambo ya tumbo. Kwanza: kuna damu? Kuna homa? Kuna maumivu makali? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, acha kusoma hapa uende hospitali leo hii. Kama hakuna, maliza antibiotiki zako kama ulivyoandikiwa, na unywe ule unga wa chumvi na sukari wa paketi, ukoroge katika maji safi, usikauke.

Halafu nenda kwa Mativo, yule kijana aliyechukua nafasi yangu dukani. Mwambie unataka kapsuli za probiotiki. Haziandikiwi na daktari, unanunua tu. Ni hivi: antibiotiki haichagui. Imeingia kuua bakteria wabaya wa jino, ikapita tumboni ikaua na wazuri waliokuwa wakikusagia chakula. Kapsuli hizi zina bakteria wazuri, wakiwa hai. Unawarudisha nyumbani kwao. Hazimsaidii kila mtu, sitakudanganya, lakini kwa tumbo lililovurugwa na antibiotiki nimeziona zikifanya kazi.

Moja kwa siku. Usiimeze pamoja na antibiotiki, acha saa mbili katikati, la sivyo unawapeleka wenyeji wapya wakutane na muuaji mlangoni.

Na SOMA KARATASI. Iko ndani ya pakiti, imekunjwa kunjwa. Miaka yote ile nimeona watu wakiitupa hapo hapo mlangoni mwa duka, kisha wanarudi kuniuliza mimi yale yale yaliyoandikwa. Wewe ulikuwa wa kwanza.

Mimi sijambo. Nimenyoa nywele zote, joto la huku mwaka huu limezidi. Mahindi yanakaribia kuvunwa.

Wako,
Everline Nalianya


Majengo
22 Oktoba 2025

Mama Laban,

Wadudu? Miaka yote ya urafiki, leo unanitumia nimeze WADUDU?

Nilifika kwa Mativo nikamwambia nipe zile kapsuli zenye bakteria hai. Nikamuuliza, hai kabisa? Akasema, "Hai kabisa, mathe. Hizi ni germs poa, usistress. Zinaingia zinatuliza mtaa." Nikamtazama. Nikamwambia mtaa gani? Akagusa tumbo lake. Watu kwenye foleni wakacheka.

Nikazichukua kwa sababu yako. Nilipofika nyumbani nikaishika moja kwenye mwanga, nikajiuliza hili ganda linalong'aa limetengenezwa na nini. Si nimesikia mengine ni mafuta ya nguruwe? Mimi ninayekwenda Makka! Basi nikalipasua ganda, nikalitupa, nikamwaga ule unga kwenye chai yangu ya tangawizi, nikakoroga, nikanywa ingali moto, unajua ninavyoipenda, ya kuunguza ulimi. Nimefanya hivyo siku tatu.

Na chupa nimeiweka vizuri, kwenye rafu iliyo juu ya jiko, wasishikwe na baridi. Kama ni viumbe hai, nao wana haki zao.

Lakini tumbo bado ni lile lile. Antibiotiki zimeisha na bado naendesha. Nakwambia kweli, wadudu wako ni wavivu.

Jumamosi nilikosa nusu ya darasa la Ustadhi. Nimco, yule jirani wa nyuma ya msikiti ambaye tutalala naye chumba kimoja kule, aliniandikia yote kwenye daftari. Mwenzangu anakariri dua, mimi nahesabu hatua kutoka kwenye mkeka mpaka chooni. Nina hofu, Eva. Sisemi kwa mtu mwingine, lakini nina hofu.

Lela


Kimilili
25 Oktoba 2025

Lela!

Umewachemsha!

Wale ni viumbe hai, umewatia kwenye chai ya kuunguza ulimi, halafu unasema ni wavivu? Ni maiti! Na waliobaki kwenye chupa unawachoma kidogo kidogo juu ya jiko!

Ilete chupa hiyo chini sasa hivi, uitupe. Rudi kwa Mativo. Mwambie aigeuze chupa na akusomee kilichotengeneza ganda. Kama ni jelatini na haikuandikwa imetoka kwa mnyama gani, mrudishie. Kuna aina ambayo ganda lake ni la mimea. Ninakumbuka ilikuwa rafu ya tatu kushoto, kama hajavuruga mpangilio wangu. Hilo swali lako la ganda lilikuwa swali zuri, ila uliulize kabla ya kununua.

Meza nzima, kwa maji ya kawaida au ya baridi. Ikikushinda kumeza, ifungue kwenye maziwa lala baridi. Chai baadaye. Weka chupa mahali pakavu, pasipo jua, mbali na jiko. Yote haya yako kwenye ile karatasi. Uliisoma?

Najua hukuisoma.

Usiwe na hofu. Siku ishirini na sita ni nyingi. Nakuahidi utazunguka.

Everline


Majengo
2 Novemba 2025

Mama Laban,

Habari njema na habari mbaya, na nitaanza na njema maana siwezi kuishika mdomoni: tumbo LIMEFUNGA! Siku ya nne ya kapsuli zile za ganda la mimea (rafu ya tatu kushoto, hajavuruga kitu), niliamka, nikanywa maji baridi na kapsuli yangu, nikaenda Gikomba, nikarudi, sikukimbia hata mara moja. Nimekula wali. Nimekula samaki. Nimekula maharagwe ya nazi bakuli mbili. Aqsa ananiangalia kama mtu aliyetoka jela.

Sasa habari mbaya. Kwa nini hukuniambia habari ya upepo?

Jana Ustadhi Idarusi alitufanyisha mazoezi ya tawafu. Tulipanga meza mbili katikati ya ukumbi wa madrasa, na mimi mwenyewe nilileta pazia jeusi zito kutoka kibandani, tukalitandaza juu likawa mfano wa Alkaaba. Likapendeza, watu wakaingiwa na machozi. Tukaanza kuzunguka, mkono wa kushoto kwa Alkaaba, dua midomoni. Raundi ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu, Mama Laban, tumbo langu likanguruma, nikabana, nikaomba, nikabana, halafu ikatoka. Si kimya kimya. Nimco alikuwa nyuma yangu. Ustadhi akaendelea kusoma dua yake kwa sauti kubwa zaidi, Mungu amlipe.

Unajua kwa nini nalia? Upepo ukitoka, udhu umevunjika! Si choo peke yake. Upepo tu! Hata kidogo!

Na si mara moja. Tumbo limejaa kama puto tangu juzi. Nilidhani labda wadudu ni wachache, nikaanza kumeza mbili mbili ili wafike haraka. Ikazidi.

Nimeacha. Tangu jana sijameza. Afadhali niendeshwe kuliko kupuliza mbele ya Nyumba ya Mungu. Nikizimeza, nina upepo. Nisipozimeza, tumbo litafunguka tena. Siku kumi na nane zimebaki. Nifanye nini?

Lela


Kimilili
5 Novemba 2025

Mama Ubaid wangu,

Nisamehe, nimecheka. Nilikuwa nimelala siku tatu mfululizo bila hamu ya kitu, barua yako ikaniketisha kitandani nikacheka mpaka Laban akaja kuangalia kama nalia. Nikamsomea, naye akacheka, kisha akaniambia nikuombe radhi.

Kweli sikujua. Miaka yote ile nakuona unatawadha upya kabla ya kila swala, nilidhani ni vumbi la Gikomba.

Sasa tulia. Upepo na tumbo kujaa ni mambo ya kawaida mtu anapoanza kapsuli hizi. Bakteria wapya wamehamia, wanapanga vyombo, lazima kuwe na kelele. Siku chache, wiki moja hivi, wanazoea nawe unazoea. Ndiyo maana nilifurahi umeanza mapema, kwamba kelele ziishie Pumwani zisifike Makka.

Lakini wewe umemeza mbili, halafu juu yake bakuli mbili za maharagwe ya nazi! Hata mimi ningepaa.

Rudi kwenye moja. Moja, Lela, hata furaha ikizidi. Acha maharagwe, kabichi na soda mpaka urudi safari. Kula taratibu. Ikipita wiki bado umejaa, ziache na umwone daktari. Ukiona vipele au uso kuvimba, au pumzi kubana, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiniandikie barua.

Yote haya yamo kwenye karatasi, upande wa pili. SOMA KARATASI.

Everline


Majengo
11 Novemba 2025

EVERLINE!

KIMYA! Siku tatu za kimya kabisa! Tumbo limefunga na upepo umekata, vyote viwili kwa pamoja. Jana tumezunguka lile pazia langu raundi saba. Saba! Nilipomaliza ya saba Nimco akapiga kigelegele, na Ustadhi akasema kule hakupigwi vigelegele, na Nimco akasema kule bado hatujafika.

Nimepata nguo nyeupe. Nimepata viatu vya kutembelea vilivyo laini kama mkate. Najikuta naimba nikiwa napanga mapazia, na wateja wananunua bila kubishana, nadhani wananiogopa.

Na haya ni mafanikio yako. Kwa hiyo katika kifurushi hiki nakutumia zawadi: pazia la kijani la dirisha lako la mbele, na chupa nzima ya kapsuli zetu, mpya, muhuri haujakatwa. Na wewe umeze moja kila asubuhi, tuwe na wadudu wamoja. Ulisema ulilala siku tatu huna hamu. Hizi zitakuinua.

Na uje! Tarehe kumi na tisa wanawake wa mtaa wananiaga, nitapika pilau mwenyewe. Utalala kitanda changu. Usiniambie habari ya mahindi.

Lela wa raundi saba


Kimilili
14 Novemba 2025

Mama Ubaid,

Pazia nimelitundika, chumba kizima kimekuwa cha rangi ya majani. Ahsante.

Kuja sitaweza. Ni mahindi kweli, vibarua hawapatikani. Usikasirike.

Chupa ya kapsuli nakurudishia, sijaifungua. Tumbo langu liko sawa, na wewe utazihitaji safarini. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, mzigo mkubwa unaweza kukaa juani.

Nakuombea kila siku kwa namna yetu.

Everline


Majengo
17 Novemba 2025

Everline,

Leo nilikuwa nafunga begi. Nikasema nitie na ile karatasi, kule ukiniuliza kama nimesoma nikujibu bila kudanganya. Nikavaa miwani. Nikamwita Aqsa anisaidie Kiingereza chake, na kwa mara ya kwanza tukaisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka herufi zile za mchwa.

Ulikuwa mkweli, yote yamo. Chai ya moto imo. Upepo umo.

Halafu tukafika sehemu ya tahadhari. Aqsa akasoma: usitumie bila idhini ya daktari kama kinga ya mwili wako imeshuka, kwa mfano unapopewa dawa za saratani, kwa sababu hao hao bakteria wazuri wanaweza kuingia kwenye damu wakakudhuru. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nikakaa kitandani juu ya nguo nyeupe.

Mtu aliyenituma mimi kwenye kapsuli hizi, akazisifu, ananirudishia chupa nzima bila kukata muhuri. Mtu asiyekosa sherehe yangu hata moja ananiambia mahindi. Analala siku tatu. Na Everline, umenyoa nywele kwa ajili ya joto? Joto la Kimilili? Nilipokuja kumzika mume wako Opicho mlinipa mablanketi mawili na nikatetemeka mpaka alfajiri! Miaka ishirini na miwili dukani umejua kila kitu, lakini kudanganya hukujifunza.

Niambie kweli. Alhamisi ndege inaondoka, na naapa, barua yako isipofika kabla yake, mimi sipandi. Nitakuja Kimilili na begi hili hili.

Lela


Kimilili
18 Novemba 2025

Mama Ubaid,

Ni titi la kushoto. Tangu mwezi wa saba. Natibiwa Eldoret, dripu moja kila baada ya wiki tatu. Nimemaliza tano, ya sita ndiyo ya mwisho, ni tarehe ishirini na nne. Dawa zinashusha kinga, na ndiyo maana chupa yako ilirudi. Nilipoishika nililia, kwa sababu ilikuwa zawadi nzuri na sikuweza kuigusa.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungeacha safari uje kuketi hapa kunitazama nikitapika. Laban ananitazama vya kutosha. Kila mtu huku akiingia anaongea kwa sauti ya msibani, nami hata siwasikii vizuri, naona midomo tu inavyosikitika. Barua zako peke yake ndizo hazikuwa na msiba. Mtu mmoja duniani alikuwa ananigombeza kuhusu upepo! Unajua nilivyozingoja? Nilikuwa namtuma Laban ofisi ya basi kila asubuhi.

Lela, sikiliza. Mimi Makka sitafika hata siku moja, na si pa kwangu. Lakini wale bakteria nimewatuma mimi. Nimewahangaikia wiki tano. Ukipanda ndege, kazi yangu ya mwisho ya kaunta imefika mahali palipo pakubwa. Ukiacha kupanda, mimi nitakuwa mgonjwa tu.

Panda. Moja kwa siku, maji baridi. Nenda ukazunguke.

Everline


Makka
25 Novemba 2025

Eva wangu,

SABA!

Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeketi sakafuni, miguu imevimba, na Nimco anakoroma pembeni saa nne ya asubuhi kwa uchovu. Barua hii nitaibeba mwenyewe mpaka Nairobi, lakini siwezi kungoja kuiandika.

Nilipoiona Alkaaba nilisahau kila nilichofundishwa. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mamake. Kisha nikashika mkono wa Nimco tukaingia. Watu, Everline! Gikomba siku ya mzigo mpya ni jangwa! Raundi ya kwanza, ya pili. Ya tatu nilikumbuka pazia nikacheka. Ya tano tumbo likasema neno. Nakwambia nilisimamisha pumzi. Nikasema moyoni, nyinyi mliotumwa na Everline, msiniaibishe hapa. Wakanyamaza! Ya sita. Ya saba. Udhu ule ule nilioingia nao ndio niliotoka nao.

Sasa la pili. Nilimwuliza Ustadhi Idarusi, nina dada yangu Mkristo ni mgonjwa, naruhusiwa kumwombea hapa? Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Mama, kumwombea mtu shifa nani amekukataza?" Basi nilirudi. Magoti yalikataa nikayaburuta. Nikakutaja kwa majina yako yote, Everline Nalianya wa Opicho, mama yake Laban, wa Kimilili, zamani wa Ziwani nyumba ya kona, Mungu asije akakosa mlango. Nikataja titi la kushoto. Nikamwambia anirudishie huyu akiwa mzima, nina ugomvi naye wa kusema uongo kuhusu joto.

Nimekuchukulia maji ya Zamzam. Lakini hutakunywa mpaka umwulize daktari wako. Umenifundisha, sasa nawe utii. Na ile chupa ya kapsuli nakuja nayo, muhuri wake mzima. Nimeangalia tarehe, ni nzuri mpaka mwaka wa elfu mbili ishirini na saba. Nitaituma tena kwako. Usiifungue. Iweke kabatini, pakavu, mbali na jiko, mpaka siku daktari atakaposema sasa. Hiyo siku itakuja. Nakuamrisha.

Dada yako,
Lela


Kimilili
20 Januari 2026

Hajati wa Umra, Mama Ubaid,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Alhamisi nilikuwa Eldoret. Damu yangu imerudi, kinga imepanda ikafika inapotakiwa. Picha mpya haionyeshi kile kivimbe. Daktari anasema nirudi baada ya miezi mitatu, kisha mitatu tena, haniahidi maisha, lakini alikuwa anatabasamu na nilimsoma midomo vizuri kabisa: "Mama, nenda nyumbani ukaishi."

Kabla sijatoka nilimwekea mezani karatasi yako uliyonitumia pamoja na chupa, ile yenye herufi za mchwa. Nikamwambia asome tahadhari zote halafu anijibu. Akavua miwani, akaisoma yote, akasema wagonjwa wake hakuna anayemletea karatasi. Kisha akasema: sasa unaweza.

Ijumaa asubuhi nilikata muhuri. Laban alisimama mlangoni anatazama. Maji ya kisima, baridi, na kapsuli moja. Nilikuwa nawaza habari zako nikaisahau hofu.

Sasa Jumapili. Unajua kanisa letu la Marafiki lina dakika za kimya, watu wote wanainamisha vichwa, hasikiki hata mbu. Nikainamisha na mimi, kichwa changu chenye nywele mpya urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa na mengi ya kushukuru. Katikati ya kimya nikaona benchi lote la mbele linageuka kunitazama. Nikadhani labda wamefurahi kuniona. Kisha nikaona Laban mabega yanamtetemeka na amejiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Mimi sikusikia kitu, Lela. Masikio yangu. Lakini nilielewa. Siku ya tatu ya kapsuli! Wamehamia, wanapanga vyombo!

Sikutoka. Sikwenda kutafuta maji. Nilikaa pale pale nikamaliza shukrani zangu zote mpaka mwisho, machozi yakinitoka kwa kucheka, kwa sababu kwetu sisi hiyo haivunji kitu.

Ijumaa hii napanda basi. Pika pilau.

Everline